MJUMBE ASIYESOMA HESABU

Mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo ukiisha, aliyechaguliwa kuingia katika halmashauri hupigiwa makofi. Ni mara chache apewe mtu wa kumfundisha kusoma hesabu. Siku ya kikao huletewa karatasi ya Kifaransa iliyojaa tarakimu, akaambiwa atie sahihi. Naye kwa haya hutia. Sisi twasema wazi kwamba sahihi ya namna hiyo yaweza kuwaponza watu wengi wa Lemera.

Fedha hizo ni za nani? Ni za mama aliyeshusha mihogo yake kutoka vilimani hadi bonde la Ruzizi, ni za mwalimu, ni za mfugaji aliyeuza ng'ombe wake. Wazee wetu wana sababu ya kuogopa. Bei zilipanda hata mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikabadilishwa kwa Zaire Mpya moja. Na mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa Zaire Mpya 100,000. Akiba za miaka mingi ziligeuka makaratasi. Mtu aliyeona hayo, kisha akakubali kuleta tena fedha zake chamani, ametuamini sana.

Karatasi ya kwanza ni mizania. Ina upande wa mali, na upande wa madeni na mtaji. Linalowapotosha wajumbe wapya ni hili: akiba za wanachama huandikwa upande wa madeni. Huo si utajiri wa chama, bali ni deni ambalo chama chadaiwa na wenye fedha. Mali ya chama, kwa sehemu kubwa, ni mikopo iliyo mikononi mwa wakopaji.

Tutoe mfano. Chama kina akiba za wanachama dola 20,000, hisa dola 3,000, na fungu la dharura dola 1,000. Jumla dola 24,000. Upande wa mali kuna mikopo dola 18,000, fedha taslimu dola 4,000, nyumba na vyombo dola 2,000. Pande mbili zalingana, na mjumbe hufurahi. Lakini ikiwa dola 5,000 za mikopo ile hazitalipwa kamwe, hisa na fungu la dharura zimekwisha zote, na dola 1,000 za akiba za watu zimepotea. Kulingana kwa karatasi hakukulionyesha jambo hilo.

Kwa hiyo mjumbe aulize. Mikopo gani imechelewa, na kwa siku ngapi? Fungu gani limetengwa kwa ajili ya mikopo mibaya? Wakopaji wakubwa ni akina nani, na je, wamo wajumbe wenyewe na jamaa zao? Fedha zilizohesabiwa kashani zalingana na kitabu? Akiba za dola zimekopeshwa kwa faranga? Maana faranga ikishuka, hasara ni ya chama.

Karatasi ya pili ni ya mapato na matumizi. Hapo riba ambayo bado haijalipwa yaweza kuandikwa kama mapato, faida ikaonekana huku kasha likiwa tupu. Mjumbe aulize ni riba kiasi gani imepokelewa kweli.

Wengine watasema kuuliza hivyo ni kumshuku meneja. Sivyo. Sheria ya tarehe 2 Februari 2002 juu ya vyama hivi iliweka halmashauri ya uongozi na nyingine ya kukagua, na kuvitia vyama chini ya uangalizi wa Benki Kuu ya Kongo. Lakini Benki Kuu haikai Lemera. Anayekaa Lemera ni mjumbe, na ndiye atakayegongewa mlango siku mama yule atakapofuata fedha za shule za watoto asizikute. Meneja mwaminifu hapotezi kitu kwa kuulizwa.

Ndugu wajumbe, kabla ya kutia sahihi, takeni hesabu zisomwe na kuelezwa kwa Kiswahili na kwa Kifuliiru, kikaoni na katika mkutano mkuu. Asiyeelewa asione haya, kwani kuuliza si ujinga. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisilosomwa halina tofauti na daftari lisilokuwapo.