Mwana wa Saruji, Mwana wa Tamaa: Nani Atawasoma Akina Ojwang?

Wahenga waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, hawakueleza atunzwe nini wala atunzwe lini. Mnamo Julai 2015, mwigizaji Benson Wanjau aliaga dunia jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 78. Wakenya wengi waliopokea habari hizo hawakumlilia Wanjau. Walimlilia Mzee Ojwang, yule mzee mbishi aliyeingia sebuleni mwao kwa miongo kadhaa kupitia mchezo wa Vitimbi katika runinga ya taifa. Lakini katika mihadhara ya Kiswahili, ambako tamthilia huchambuliwa kila muhula, jina la Ojwang hutajwa kwa nadra, na likitajwa huwa ni kwa mzaha wa kuwaamsha wanafunzi waliosinzia.

Makala haya yanashikilia kwamba kundi hilo la vichekesho, pamoja na ndugu zake wa Vioja Mahakamani, linastahili kusomwa kwa makini uleule unaotumiwa kusomea tamthilia zilizochapishwa. Hoja hiyo inaanzia pale ambapo kila mtazamaji alianzia kucheka, yaani kwenye majina ya wahusika na asili zao zisizo na kichwa wala miguu.

Chukua jina la Masanduku arap Simiti, mhusika aliyeigizwa na Sammy Muya. Katika jamii ya Wakalenjin, neno ‘arap’ humaanisha ‘mwana wa’. Simiti ni saruji ya mafundi wa ujenzi. Basi huyu ni Masanduku, mwana wa Saruji! Kabla yake, wasikilizaji na watazamaji wa enzi ya Sauti ya Kenya walikuwa wamekwisha kumzoea Mzee Tamaa bin Tamaa, mtu ambaye tamaa ndiye baba yake na tamaa ndiyo yeye mwenyewe. Naye Ojwang aliongezewa lakabu ya Hatari, huku mwenzake Othorong'ong'o akijiita Danger, kana kwamba wazee hao wawili walikuwa mabango yaliyobandikwa kwenye mlingoti wa umeme.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atatambua kwamba hizo ni mbinu za majazi na lakabu, ambapo jina hufichua tabia ya mwenyewe. Lakini zina jambo la ziada. Katika jamii nyingi za Kenya, nasaba ndiyo hati ya kwanza ya mtu. Mgeni huulizwa jina lake, kisha la babake, kisha anakotoka, na majibu hayo matatu hutosha kumpangia kabila, chama na pengine hata tabia. Ukimwita mtu mwana wa Saruji, umeuvunja mtambo huo wote kwa maneno matatu. Umbo la nasaba limebaki, maudhui yake yameporomoka. Said Ahmed Mohamed alipowaita wahusika wake Ame na Zidi katika tamthilia ya Amezidi ya mwaka wa 1995, wahakiki waliona ubwege na wakaandika kurasa kadhaa. Tamaa bin Tamaa alitangulia kwa miaka mingi, bila kitabu na bila mhakiki.

Ubwege huo wa majina unashinda kina pale unapolinganishwa na usuli wa waigizaji wenyewe. Mzee Ojwang, Mjaluo wa kupigiwa mfano kwa lafudhi, aliigizwa na Mkikuyu. Mkewe katika mchezo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye jina lake linatoka upande wa Waluhya. Masanduku hakuwa na ‘arap’ yoyote katika jina lake halisi. Yaani nyumba ambayo taifa zima liliiamini kuwa ya Wajaluo ilijengwa na Mkikuyu na Mluhya, na hakuna mtazamaji aliyedai arudishiwe kicheko chake alipougundua ukweli huo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kwa miaka mingi, siasa za Kenya zimewafundisha raia kwamba kabila ni damu, na kwamba damu haibadiliki. Kila jioni ya Vitimbi ilifundisha kinyume chake pasi na kuhubiri. Lafudhi ambayo mwananchi huitumia kumtambua jirani yake, na ambayo katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ilitosha kumponza mtu, ilivaliwa na Wanjau mwanzoni mwa kipindi na kuvuliwa mwishoni kama koti. Kama Mkikuyu anaweza kuwa Mjaluo mpendwa kuliko wote nchini, basi kile kiitwacho sauti ya kabila ni ujuzi wa ulimi, na ujuzi hufunzwa.

Wapo wanaoupinga mtazamo huu, na pingamizi zao si za kupuuzwa. Baadhi ya wahadhiri na walimu wa shule wanasema kwamba michezo hii iliharibu Kiswahili. Wanawataja wahusika wanaosema ‘sida’ badala ya ‘shida’, kwa kuwa Kijaluo hakina sauti /sh/. Wanaosema ‘papa’ badala ya ‘baba’ kwa athari za lugha za Kiluhya. Wanaokunywa ‘shai’ kwa athari za Kikuyu. Na wale ambao ‘pia’ na ‘bia’ vinywani mwao ni neno moja, kwa sababu Kikalenjin hakizitenganishi sauti hizo. Mtoto aliyekua akiyasikia hayo kila wiki, wanauliza, atakijua vipi Kiswahili sanifu?

Pingamizi hili lina udhaifu wa wazi. Hakuna mtoto aliyejifunza kusema ‘sida’ kutoka kwa Ojwang. Athari hizo zilikuwapo mitaani, sokoni na hata bungeni kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa. Isitoshe, ili mtu acheke anaposikia ‘sida’, sharti alijue kwanza neno ‘shida’. Kicheko chenyewe ni ushahidi kwamba usanifu umekwisha kuingia kichwani mwa mtazamaji. Mwalimu wa isimujamii anayetafuta mifano ya athari za lugha ya kwanza ana hazina kubwa hapo kuliko katika kitabu chochote cha mazoezi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba kucheka lafudhi ni kumcheka mtu. Mvulana wa shule ya msingi anayesimama kujibu swali na kutamka ‘sida’, kisha darasa zima likamwita Ojwang, huenda asiinue mkono tena hadi mwisho wa muhula. Mchezo ulikusudiwa kuburudisha, lakini jina la mhusika limegeuka fimbo mikononi mwa watoto wengine. Isitoshe, kila kabila likishapewa mhusika mmoja wa kuliwakilisha, mhusika huyo akiwa mbishi, mlevi au bahili, ni rahisi ubishi, ulevi na ubahili huo ukachukuliwa kuwa mali ya kabila zima. Mhusika bapa hana madhara katika riwaya moja. Akirudi kila wiki kwa miaka ishirini, anaweza kugeuka hukumu.

Hoja hiyo haiwezi kufutwa kwa kusema kwamba ule ulikuwa mzaha tu. Inayowezekana ni kutofautisha kicheko na kicheko. Swali la kuuliza ni hili: katika kisa, mhusika anaanguka kwa sababu gani? Ojwang alikuwa na lafudhi kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kipindi, alipofanikiwa na alipofedheheka. Kilichomwangusha ni ukaidi, uroho, au kule kujifanya anajua asichokijua, na makosa hayo hayana kabila. Tena hakuwa peke yake. Karibu kila mhusika aliyemzunguka alikuwa na lafudhi yake, hivyo hapakuwa na mmoja aliyesimama juu ya kichuguu cha usanifu akiwacheka wengine.

Vioja Mahakamani inadokeza hali tofauti kidogo, na kwa hiyo inavutia zaidi. Humo, upande wa mashtaka na hakimu huzungumza lugha rasmi ya kisheria, nao washtakiwa huja na lugha ya kijijini. Mtu angetarajia kwamba rasmi itaitawala isiyo rasmi. Badala yake, mara nyingi mshtakiwa hujibu swali kwa swali, hulielewa neno la kisheria kwa maana yake ya nyumbani, na kuigeuza mahakama uwanja wa malumbano. Sheria hushinda mwishoni, kwa kuwa kituo ni cha serikali, lakini inakuwa imetoa jasho. Watafiti wa sajili za lugha wangetaka nini zaidi?

Suala la kituo cha serikali linaeleza pia kwa nini ubwege ulihitajika. Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka wa 1989, haikuwa mahali pa kumkejeli mkubwa yeyote. Kundi la Vitimbi lilifanyia sanaa yake ndani ya kuta hizo. Mwana wa Saruji hana kijiji, hana ukoo, hana eneo bunge. Kwa hiyo hakuna mbunge anayeweza kulalamika kwamba ametukaniwa watu. Tamaa bin Tamaa hawezi kumshtaki mtu, kwa maana ni nani angesimama hadharani kudai kwamba yeye ndiye aliyechorwa? Asili ya kipuuzi ilikuwa ngao.

Ngao hiyo ilitupwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati vijana watatu waliosomea Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walipounda kundi la Redykyulass na kumwiga Rais Daniel arap Moi waziwazi, akiwa angali madarakani. Huyu sasa alikuwa ‘arap’ wa kweli! Vyombo vya habari vya kibinafsi vilikuwa vimepanuka na woga ulikuwa umepungua. Vijana hao walichanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na wengi wakawaona kuwa ndio mwanzo wa kejeli nchini. Maoni hayo yanawadhulumu waliotangulia. Sikio la mtazamaji wa Redykyulass lilikuwa limekwisha kunolewa na Vitimbi kuitambua sauti ya kuigwa. Historia nayo ikaongeza ubwege wake: Kiarie, aliyekuwa akiwacheka wanasiasa jukwaani, alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka wa 2017, akachaguliwa tena mwaka wa 2022. Hakuna mwandishi wa vichekesho ambaye angethubutu kuubuni usuli kama huo.

Njia hizo mbili zinatofautiana mno. Mmoja alifika bungeni. Wanjau, katika miaka yake ya mwisho, aliandamwa na maradhi, na wasamaria wema wakalazimika kuchanga fedha za matibabu yake. Mtu aliyelifundisha taifa kucheka kwa Kiswahili alitunzwa kwa harambee.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili hakiwezi kumlipa mtu pensheni. Kinaweza, hata hivyo, kufanya mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake. Kwanza, wanachama wawahoji waigizaji wa kizazi hicho walio hai, wairekodi michezo wanayoikumbuka na kuinukuu kwa maandishi, kwa kuwa mengi ya maigizo hayo yalizaliwa mdomoni na yatakufa na wenye midomo. Pili, wahadhiri wafikirie kuitenga wiki moja ya somo la drama au la fasihi simulizi kwa ajili ya vichekesho vya redio na runinga, wanafunzi wavihakiki kwa ukali, yakiwemo madhara ya lafudhi yaliyotajwa hapo juu. Tatu, mwanafunzi wa uzamili anayehangaika kutafuta mada, akiwa tayari kuandika tasnifu ya mia moja kuhusu riwaya ileile, na afungue runinga.

Kumtunza mcheza kwao si kumtupia sarafu pekee. Katika taaluma, msanii hutunzwa kwa kusomwa, kupingwa na kukumbukwa kwa jina lake. Ojwang alikwisha kukumbukwa. Aliyesalia kukumbukwa ni Wanjau.