Tahadhari ya mvua ifikishwe mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowahusu ndugu zetu wa Dar es Salaam, hasa wale wanaoishi katika bonde la Mto Msimbazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Kilosa, na huenda wasomaji wakauliza mtu wa shamba ana nini na mitaa ya mjini. Nina dada yangu huko, na kila nipatapo likizo huenda kumwangalia.

Mwaka 2024 nilikuwa kwake siku za Pasaka, ambayo mwaka ule iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Mtaa wake una habari tele. Kwa siku chache tu nilijua nani anaoza binti baada ya Idi, nani amefiwa na mchango ni kiasi gani, timu ipi ya vijana itacheza na ipi, na duka gani lina tende za bei nafuu. Habari hizo hakuna anayezitafuta, zinapita zenyewe bombani, kibarazani na kijiweni. Lakini habari moja sikuisikia kwa mtu yeyote, nayo ni kwamba masika yamekwisha kuingia na mto uko nyuma ya nyumba. Kwetu kijijini masika yakikaribia hakuna mazungumzo mengine.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, wale vijana wanaopita na ngoma na makopo kuwaamsha watu wale daku wakaacha kuimba. Wakawa wanagonga milango kwa viganja, wa Waislamu na wa Wakristo, wakipiga kelele, "Maji! Amkeni, mto umepanda!" Pale mtaani halikuwa limedondoka hata tone tangu magharibi. Tuliwatoa watoto, kisha godoro, kisha mkoba wa shule wa mpwa wangu aliyekuwa darasa la saba. Maji yalifika usawa wa kitanda, na asubuhi yakapungua yakituachia tope na uvundo. Hakuna aliyekufa. Nilikaa nikajiuliza, ingekuwa mwezi mwingine, saa ile nani angekuwa macho?

Wengi hawajui kwamba Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu. Mvua ikinyesha huko juu, maji huchukua muda kabla ya kufika mabondeni, kwa hiyo mkazi wa chini anaweza kulala chini ya nyota na kuamka ndani ya maji. Kutazama mbingu hakumsaidii kitu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mjini Dar es Salaam, na baadhi ya waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mvua za msimu ule.

Siilaumu Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utabiri wa masika hutolewa mapema, na mvua kubwa ikikaribia hutangazwa. Tatizo liko katika safari ya habari kutoka redioni hadi mlangoni. Nilimuuliza dada tofauti ya "angalizo" na "tahadhari", akacheka, akasema yote ni maneno ya kuambiwa mvua itanyesha. Nilipita katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ubaoni palikuwa na tangazo la ada ya taka, na juu ya mvua hapakuwa na hata mstari mmoja.

Linganisheni na Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na wavuvi wengi hawakutoka. Kwa maoni yangu watu walitii kwa sababu waliambiwa siku, mahali na la kufanya. Mkazi wa bondeni huambiwa "chukueni tahadhari" basi. Aichukue wapi?

Liko na jambo la aibu ambalo lazima nilitaje. Wapo wanaoingoja mvua hiyo hiyo ili watapishe vyoo na kumwaga taka mfereji ukijaa. Anayefanya hivyo anajua mvua inakuja. Habari anayo, ila anaitumia dhidi ya jirani yake wa chini. Ndipo kipindupindu hupata njia.

Wasomaji watasema, wahame. Serikali imeanzisha mradi wa Bonde la Msimbazi, na baadhi ya wenye nyumba wamelipwa fidia wakaondoka. Ni jambo jema. Lakini dada yangu ni mpangaji wa chumba kimoja, anauza maandazi Kariakoo na huenda kwa miguu. Ukimpeleka mbali, nauli itakula maandazi yote.

Ombi langu ni dogo. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wawaite vijana wa daku na kuwapa zamu ya usiku kwa miezi yote ya masika. Awepo mtu wa mtaa wa juu wa kuwapigia simu mto unapoanza kujaa, nao wapite mlango kwa mlango wakisema saa ya kutoka na pa kwenda. Posho yao itoke katika michango ya mtaa, kama inavyotoka ya ulinzi. Tusitegemee Ramadhani itusaidie tena, kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na kufikia mwaka 2027 utaanza Februari na kwisha kabla ya Aprili, mwezi wenye mvua nyingi.

Dada yangu bado yuko pale pale. Amenunua kinyanyulio cha mbao cha kuweka kitanda juu, na vitabu vya mtoto anavitundika ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Ningependa viongozi wanaohusika watujibu kupitia ukurasa huu, masika yajayo ni nani atakayemgongea mlango.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.