Kabla ya Sanduku Kuna Daftari

Katika Kitabu cha Nehemia mna habari ambayo wahubiri wetu huipita haraka, kwa kuwa imezungukwa na orodha ndefu ya majina magumu kutamka. Waliorudi kutoka uhamishoni Babeli wanahesabiwa ukoo kwa ukoo, na baadhi ya wana wa makuhani wanalitafuta jina la jamaa yao katika hati za nasaba wasilione. Hakuna aliyewashtaki kwa kosa lolote. Jina halikuonekana kitabuni, na kwa sababu hiyo pekee wakaondolewa katika ukuhani.

Huikumbuka habari hiyo kila niwasikiapo wapenda mageuzi wakizungumzia wizi wa kura. Sisi tuliokomaa katika mapambano ya vyama vingi tuna desturi ya kumtafuta mwizi usiku wa kuhesabu: taa iliyozimika, sanduku lililochelewa njiani, fomu iliyobadilishwa tarakimu. Mashaka hayo hayakutoka hewani, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa urais kwa kasoro zilizohusu hasa upelekaji wa matokeo. Lakini ipo kura inayopotea mapema zaidi, miezi au hata miaka kabla ya siku yenyewe, nayo ni ya raia ambaye hakuandikwa. Huyo hana wakala wa kumtetea kituoni, na hesabu ya mwisho haitamtaja hata miongoni mwa kura zilizoharibika.

Watawala wa nchi hii waliligundua jambo hilo zamani. Kipande kilichowekwa na sheria ya kikoloni ya 1915, ambacho baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanaume Waafrika walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma, hakikutolewa ili kumpa mtu haki, bali ili asitoroke kazi ya mlowezi. Machi 1957, Waafrika walipokubaliwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, daftari lilifanywa chekecheke. Mtu alipimwa kwa elimu, kwa mali na kwa mshahara, na mwenye sifa nyingi akaweza kupiga hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa, juu ya hayo yote, wawe na hati ya uaminifu kwa serikali, maana ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Wakachaguliwa wajumbe wanane, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi. Tunawakumbuka hao wanane. Ni wachache wanaokumbuka ni nani hawakuruhusiwa kuwachagua. Na tusisahau kwamba hata baada ya uhuru, hadi mwaka 1978, sheria ya vitambulisho haikuwahusu wanawake.

Juu ya mlolongo wa 1988 sina haja ya kusema mengi, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ama walisimama katika foleni zile ama walihubiriwa habari zake. Wanachama wa KANU walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyedaiwa kupata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kura ya siri. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu 1986, wakiuliza mchungaji atasimamaje hadharani nyuma ya mtu mmoja huku kondoo wake wamesimama nyuma ya mwingine. Desemba 1990 mlolongo ukafutwa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria, kikaondolewa katika Katiba.

Hapo ndipo tulipojikwaa. Tuliujaza uwanja wa Kamukunji Januari 1992 tukadhani kwamba wingi wetu umekwisha kuhesabiwa. Uandikishaji ulipoanza katikati ya mwaka huo, wakuu wa upinzani waliwaambia kwanza wafuasi wao wasusie, kisha wakageuza kauli siku zikiwa zimeyoyoma. Wakati huohuo vijana waliotimiza miaka 18 walikuwa wakizungushwa katika ofisi za vitambulisho kote nchini, na bila kitambulisho hapakuwa na kuandikwa. Makadirio ya wakati ule yalitaja hata vijana milioni moja.

Mmoja wao alikuwa mpwa wangu. Tulikwenda katika ofisi moja mara nne. Mara ya kwanza fomu zilikuwa zimekwisha. Ya pili, mpiga picha hakuwapo. Mara ya tatu karani akataka kuona kitambulisho cha babu yake, mzee aliyekufa kabla mjukuu hajazaliwa. Ya nne tuliambiwa, kwa adabu kubwa, turudi baada ya Krismasi. Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Desemba.

Wapiga kura walioandikwa mwaka ule walikuwa karibu milioni nane. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, akimzidi Kenneth Matiba kwa kura zipatazo nusu milioni. Sisemi kwamba vijana wale wote wangalimpigia mtu mmoja. Upinzani ulikwisha kujigawa wenyewe, na dhambi hiyo hatuwezi kumtwika karani wa vitambulisho. Nasema tu kwamba pengo lililoamua uchaguzi lilikuwa dogo kuliko idadi iliyotajwa ya waliofungiwa mlango.

Aidha palikuwa na wale waliofukuzwa makwao katika mapigano ya Bonde la Ufa yaliyoanza Oktoba 1991. Sheria ilimtaka mtu apige kura pale alipoandikishwa. Sasa mtu ambaye nyumba yake ilichomwa pamoja na kitambulisho kilichokuwa ndani ya sanduku la nguo, naye analala katika ua wa kanisa, wilaya ya pili, apige kura wapi? Mshale ulifanya kazi ya kalamu: ulifuta majina.

Daftari lina uovu wa namna nyingine pia, ambao ni kinyume cha huo. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi wa 2007, ilikadiria kwamba marehemu wapatao milioni 1.2 walikuwa bado wamo katika daftari, huku vijana na wanawake wakiwa pungufu humo. Yaani wafu walikuwa na kadi na walio hai hawakuwa nazo. Daftari hilo lilitupwa na mengine yakaandikwa upya, na tangu 2013 alama za vidole hutumika. Hata hivyo wakaguzi waliolipitia daftari la 2022 waliwakuta tena marehemu karibu robo milioni. Mashine haihudhurii mazishi.

Wapo vijana watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya wazee. Nawasihi wazitazame hesabu za juzi. Oktoba 2021 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitafuta wapiga kura wapya milioni sita. Ikapata kiasi cha milioni moja na nusu. Daftari likafungwa likiwa na watu 22,120,458. Siku ya kura, Agosti 2022, zaidi ya milioni saba kati yao hawakutokea, na mshindi wa urais akamzidi mwenzake kwa kura 233,211. Kisha Juni 2024 vijana walewale, na wadogo zao, wakaijaza mitaa ya miji kuupinga Mswada wa Fedha. Wengine wakauawa, na Mswada ukaondolewa. Ujasiri wao sina haki ya kuutilia shaka mimi niliyekuwa nimeketi nyumbani. Lakini umati hauna nambari ya kituo. Tuliyafanya makosa hayohayo pale Kamukunji.

Wengine huuliza: kwa nini nijiandikishe katika mchezo ambao mwamuzi wake simwamini? Swali hilo si la kudharauliwa. Kuanzia mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025 Tume haikuwa hata na mwenyekiti, na wananchi wa Banissa, waliofiwa na mbunge wao Machi 2023, walikaa bila mwakilishi hadi Novemba 2025. Asiyekasirishwa na hilo hajui thamani ya uwakilishi. Hata hivyo yatupasa kutofautisha kususia kura na kususia daftari. Aliyeandikwa anaweza kupiga kura, anaweza kukataa kupiga, anaweza kuamua asubuhi yenyewe. Asiyeandikwa amekwisha kuamuliwa, na hakuna atakayeuhesabu mgomo wake, kwa kuwa katika vitabu hayupo. Viongozi wa 1992 walipogeuza kauli, walioumia ni wale waliowatii upesi.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuuziba ufa huu. Ibara ya 83 inaagiza kwamba utaratibu wa kuandikisha uwe wa kumrahisishia raia, wala usiwe wa kumnyima haki yake, na Ibara ya 12 inampa kila raia haki ya hati za utambulisho. Maneno ni mazuri. Lakini mwaka 2016, miaka sita baada ya Katiba hiyo, Wamakonde wa Kwale, watu ambao jamaa zao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walilazimika kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na vitambulisho wakavipata mwaka uliofuata. Wanubi wa Kibra wanazijua kamati za uchunguzi kwa vizazi. Wasomali wa Kenya wamezijua kwa namna ya pekee tangu msako wa 1989, ambapo raia alitakiwa kuthibitisha kuwa ni raia. Kijana wa Nyeri au wa Kisii hupeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa alipeleka vivyo hivyo kisha akaketi mbele ya wazee akiulizwa ukoo wake. Demokrasia ambayo baadhi ya raia huingia kwa mlango na wengine kwa tundu la sindano haijaiva, hata iwe na vyama mia.

Kwa hiyo uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, ambayo ndiyo Jumanne ya pili ya Agosti iliyowekwa na Katiba, haukungojea kampeni ili uanze. Ulianza pale uandikishaji wa kuendelea ulipofunguliwa upya mwishoni mwa Septemba 2025, na hata kabla ya hapo, katika foleni ya kitambulisho. Serikali tuidai ipeleke wapiga picha na fomu mashuleni na katika masoko ya mpakani, wala isimwachie kijana nauli ya safari tano. Tume tuidai ilifungue daftari lihakikiwe kwa siku 30 kama sheria inavyoamuru, na majina ya waliofariki yaondolewe mbele ya macho ya watu.

Lakini neno langu kubwa ni kwenu, wazee wa kanisa na makatibu wa parokia. Hakuna ofisi ya serikali inayowajua watu wa kijiji kama kanisa linavyowajua. Mnacho kitabu cha ubatizo, na mara nyingi cheti chake ndicho karatasi pekee ya nyumbani yenye tarehe ya kuzaliwa. Mnajua ni nani wamepokea kipaimara na ni nani wamefunga ndoa wakahama. Mnajua tumemzika nani. Ndugu zetu wa misikiti nao wanajua vivyo hivyo. Kwa miaka mingi tumeitisha warsha za elimu ya uraia, tukala chakula cha mchana, tukapiga picha ya pamoja, na waliohudhuria walikuwa tayari na kadi za kura. Yule aliyehitaji msaada alikuwa shambani, kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina.

Kazi hii ina mpaka wake, nao usivukwe. Karatasi ya majina itakayoandikwa na kanisa isimfikie mgombea yeyote, hata awe mtoaji mkubwa wa sadaka. Isiulize kabila wala chama. Na kijana akishapata kitambulisho jina lake lifutwe humo. Orodha ya kusaidia hugeuka upesi kuwa orodha ya kununua, na wengi wetu tumewaona mawakala wakikusanya nambari za vitambulisho vya akina mama wakati wa kampeni kwa ahadi ya unga.

Jumapili ijayo, baada ya matangazo ya ndoa, katibu na aulize ni nani ametimiza miaka 18 na hajapata kitambulisho, na ni nani aliyehama tangu 2022 na bado ameandikwa alikotoka. Watakaoinua mikono waandikwe palepale, na mzee mmoja mwenye subira akabidhiwe majina hayo pamoja na nauli ya kutoka katika mfuko wa sadaka, aende nao Jumatatu asubuhi.