Mnunuzi Akiondoka

Waandishi wa toleo hili wameipima mimea ya mafuta kwa asilimia ya mafuta katika mbegu, kwa uzito wa mafuta yenyewe na kwa lita zinazopatikana kwa hekta. Mimi naomba swali moja litangulie yote hayo: mnunuzi akiondoka, mkulima anabaki na nini?

Swali hili nimelitoa Mpanda. Katikati ya miaka ya 2000, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Rukwa, kampuni ya Kijerumani ya PROKON iliwekeana mikataba na maelfu ya wakulima wadogo: wao wapande mbono, yenyewe inunue mbegu za kukamuliwa mafuta ya injini. Ardhi ilibaki mikononi mwa wenyewe, tofauti na Kilwa na Kisarawe ambako wawekezaji walipewa maelfu ya hekta. Kwa hilo nausifu mpango wa Mpanda. Na mji wenyewe uliwashwa kwa jenereta za dizeli iliyotoka mbali, nani asingevutiwa?

Mbono haukuwa mgeni. Watu waliupanda makaburini, ndiyo maana ukaitwa mbono kaburi, na kuuzungushia nyumba kwa kuwa mbuzi hawauli. Kilichokuwa kigeni ni kuufanya zao la shamba. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, hivyo mchumaji huurudia mti uleule mara kadhaa, kisha ayamenye. Lita 1 ya mafuta hula kilo 4 hadi 5 za mbegu. Basi hata ukamuaji ungekuwa wa bure, kilo ya mbegu haiwezi kununuliwa zaidi ya robo ya bei ya lita ya dizeli. Kwa malipo hayo, nani aache mahindi yake yakimsubiri? Tuliambiwa pia kwamba mbono hustawi katika ardhi iliyochoka. Kuishi, unaishi, kuzaa ni jambo jingine. Mashudu yake nayo ni sumu kwa mifugo.

Mradi haukudumu. Januari 2014 PROKON yenyewe iliomba ufilisi huko kwao.

Injini haina lawama hapa. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga hizohizo ndizo Waingereza walizokuja kuzilima kwa matrekta mwaka 1947, Kongwa, Nachingwea na Urambo, wakaachia njiani mwaka 1951 kwa sababu udongo na mvua havikuwa vimeulizwa.

Alizeti inalijibu swali langu vizuri zaidi. Mnunuzi asipotokea, mkulima anaipeleka mashineni, anapikia, anauza dumu linalobaki, na mashudu wanakula kuku. Lakini nchi inayoagiza mafuta ya kula kutoka nje ikiyachoma ya kwake kwenye malori itakuwa imejidhulumu, na kwa michikichi ya Kigoma nasema hivyohivyo, ingawa inaishinda mimea yote kwa mafuta kwa hekta.

Kwa hiyo sisemi mbono ung'olewe. Urudi kwenye ua. Mbegu za ua zichumwe kazi za shamba zikipungua, zikamuliwe kijijini, mafuta yatengenezwe sabuni au yaendeshe mashine ya kusaga iliyorekebishwa kuyapokea. Mnunuzi asipokuja, ua unabaki ua, na mbuzi wanabaki nje ya bustani.