Uacheni udongo unywe maji

Mwaka 2017 niliukata mkungu uliokuwa mbele ya nyumba yangu, Tabata, nikapiga pevingi uwanja mzima kuanzia getini mpaka barazani. Sikuona kosa. Majirani wa safu yetu walikuwa wameshafanya hivyo, na mimi nilikuwa nimechoka kufagia. Mkungu ni mti wa kupukutisha: majani yake mapana huwa mekundu kama yamepakwa rangi, kisha huanguka kwa mkupuo, ukimaliza kufagia huku, kule kumeshajaa. Usiku popo walikuwa wakila kungu na kuangusha kokwa juu ya bati, tunashtuka usingizini. Fundi aliniambia, "Mama, ukiacha udongo utahangaika na matope kila masika. Ziba kote umalize." Nikaziba kote.

Masika yaliyofuata, bibi anayekaa nyumba ya chini yetu, kwenye mteremko wa kuelekea bondeni, alikuja asubuhi na mapema ameshika ndala mkononi, kanga imelowa hadi magotini. Hakugomba. "Mwanangu," alisema, "maji ya kwako yamelala jikoni kwangu." Nikamfuata. Gunia la mkaa lilikuwa limelowa mpaka juu, unga uliokuwa kwenye ndoo umegeuka uji, na ukutani kulikuwa na mstari wa tope ulionifika chini kidogo ya goti. Tumeishi jirani miaka mingi, zimenyesha mvua kubwa kuliko ile, na maji hayakuwahi kuvuka kizingiti chake.

Siku hiyo nilikaa na kalamu. Uwanja wangu ni kama mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50 ikinyesha hapo, na Dar es Salaam mvua ya kiasi hicho si ajabu, inatoa lita 10,000. Hilo ni boza zima, lile lile tunalolipia bomba likikauka. Kwa mvua moja nilikuwa nimemmwagia boza zima mlangoni mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Zamani udongo haukuyanywa maji yote, lakini ulikunywa mengi, na yaliyobaki yaliteremka taratibu, yakizuiwa na ukoka, majani makavu na mizizi ya ule mkungu.

Pevingi haifanyi hivyo. Kabla ya kupanga vile vitofali vya zege, mafundi huushindilia udongo kwa mashine mpaka uwe mgumu kama sakafu. Nyufa zinazobaki hujazwa mchanga, na baada ya muda huziba kwa vumbi. Maji hayana pa kuingilia, yanakimbia. Yanakimbilia mtaroni, mtaro umejaa chupa na mifuko, basi yanakimbilia kwa jirani. Mwisho wa safari yote hiyo, kwa sisi wa upande huu, ni Mto Msimbazi.

Kila mkazi wa jiji hili anajua mto huo ukifurika inakuwaje. Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na watu hupanga foleni ng'ambo mbili wakitazamana. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, na mimi nauombea heri. Lakini mradi huo unaupokea mto ukiwa umeshajaa. Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na wengi wetu tukipata hela kidogo kitu cha kwanza ni ukuta, cha pili geti, cha tatu pevingi. Sisi wa juu ndio tunaoujaza mto.

Halafu kuna joto. Saa saba mchana mwanangu mdogo alikuwa hawezi kuvuka uwanja peku. Saa nne usiku nikikanyaga bila viatu, zege lilikuwa bado vuguvugu, na chumba kinachotazama uwanja hakikulalika bila feni. Mkungu hutandaza matawi yake kwa tabaka, kama maghorofa. Pale chini palikuwa na kivuli ambacho wanangu wakubwa walikulia wakigonga kokwa kwa jiwe ili wapate kile kiini chenye ladha ya korosho.

Ndege nao waliondoka. Chozi tulikuwa naye, na shorewanda aliyekuwa akituamsha alfajiri. Waliobaki ni kunguru, wale ambao asili yao ni India, walioletwa Unguja miaka ya 1890 ili wasafishe taka. Kunguru haogopi zege. Hula tunavyotupa, hupora mayai na makinda ya wenzake, na ndege mdogo asiye na kichaka kizito cha kuficha kiota hana ujanja mbele yake.

Najua nitakachoambiwa: udongo unaleta mbu na nyoka. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na udongo unaokunywa maji hauyaachi yatuame. Makopo, matairi na mitaro iliyoziba ndiyo yanayomlea. Nyoka hupenda majani marefu, basi tuyakate. Matope ni kweli yapo. Mimi nimeacha njia mbili za vitofali kwa ajili ya matairi ya gari na moja ya kwenda mlangoni, na inatosha.

Ninachoiomba manispaa ni kitu kimoja. Kibali cha ujenzi kiseme wazi kwamba sehemu ya kila kiwanja ibaki udongo mtupu wenye mmea, na serikali za mitaa zipewe nguvu ya kulisimamia hilo kama zinavyosimamia taka. Mwenye kiwanja kilichokwisha zibwa apewe muda wa kung'oa walau robo.

Mimi niling'oa mwaka juzi. Chini ya vitofali udongo ulikuwa mweupe na mkavu, bila mnyoo hata mmoja, nikauchanganya na samadi na kuumwagilia wiki nyingi ndipo jembe likazama. Nimepanda mwembe, na pembeni ya ukuta umeota mkungu ambao sikuupanda, nadhani kokwa yake iliangushwa na popo. Maji ya uwanjani kwangu sasa hayafiki getini. Ila juu yangu kuna nyua sita zilizozibwa, na masika haya nilipopita kwa bibi nilimkuta anapanga mifuko ya mchanga kwenye kizingiti cha jiko.