Kipya Kinyemi, Injini Ijifie

Kuna imani iliyoota mizizi katika gereji za Garissa, kwa mafundi wa Probox na hata kwa wale wa malori ya Mandera: filta mpya ya oili haihitaji kukaguliwa. Boksi linachanwa, nailoni inavuliwa, kidole kinapaka oili kidogo kwenye mpira, filta inafungwa. Mwenye gari akiuliza kama kuna aliyechungulia ndani, jibu ni moja: "Si ni mpya, bosi?" Wahenga walisema kipya kinyemi, wakaongeza: ingawa kidonda. Mafundi hawa wameshika nusu ya kwanza tu.

Tatizo linaanzia kwenye umbo la filta yenyewe. Oili inayosukumwa na pampu huingia kupitia matundu madogo ya pembeni, hupenya karatasi iliyokunjwa ndani ya kopo, kisha hutokea kwenye tundu kubwa la katikati, lile lenye hesi za kufungia. Kutoka hapo inakwenda moja kwa moja kulainisha beringi za injini. Sasa hesi hizo zilikatwa kwa mashine, na chuma kikikatwa huacha vipande, vingine vyembamba kama unywele. Kiwanda kisiposafisha vizuri, kipande hubaki pale pale mlangoni pa kutokea, mahali ambapo karatasi haiwezi tena kukizuia. Anayesema "filta itachuja" asahau: uchafu huo umeshapita kichujio kabla injini haijawashwa.

Imani ya pili ni pacha wa ya kwanza: ikiingia, basi ni yake. Si kweli. Filta za Toyota nyingi zina hesi za robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Nyingine sokoni zina hesi za milimita 20, na kwa macho zinafanana kabisa. Hiyo ya milimita 20 inaweza kuingia kwenye injini ya Toyota na hata kuonekana imekaza, kumbe imeshikilia kwa ncha za hesi tu. Mashimo ya barabarani yatamaliza kazi iliyobaki.

Bado hapo hujagusa bidhaa bandia. Kenya ilitunga sheria ya kupambana nazo mwaka 2008 na kuunda mamlaka ya kuisimamia, ishara tosha kwamba tatizo si uvumi. Spea nyingi za Garissa husafiri zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, zikipitia mikono kadhaa. Jina lililoandikwa kwenye boksi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Karatasi iliyobanduka au mpira wa ndani uliokakamaa si rahisi kuuficha kwa mtu mwenye tochi.

Watetezi wa mazoea haya wana hoja moja ya maana: filta nyingi ni nzima, na viwanda vya kuaminika huzikagua. Ni kweli. Lakini ukaguzi unachukua dakika moja, na injini ikifa kati ya Modogashe na Wajir, duka la spea laweza kuwa mbali, joto linapita nyuzi 35, na katika sehemu kadhaa za kaskazini mashariki magari husafiri kwa kusindikizwa na polisi. Fundi aliyesema "si ni mpya" atakuwa Garissa, kivulini.

Kukagua nako kuna adabu yake, hasa penye vumbi. Filta isifunguliwe mapema na kuachwa juu ya bampa, wala tundu la katikati lisipanguswe kwa tambara la gereji. Fundi amulike kwa tochi ya simu: hesi ziwe safi, karatasi isiwe imechanika, mpira wa nje ukae sawa kwenye mfereji wake. Ailinganishe na ile ya zamani, na ahakikishe mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kwa maana mipira miwili ikipandana oili itafyatuka. Na ile tabia ya kujaza filta kwa kumimina oili kupitia tundu la katikati iachwe. Oili hiyo inaingia upande uliokwisha kuchujwa, pamoja na vumbi lolote lililomo.

Wenye maduka nao waache kukasirika mteja akifungua boksi juu ya kaunta. Anayeuza kitu kizima hapotezi chochote kikitazamwa. Na wewe mwenye gari, siku ya sevisi usiende kunywa chai ukarudi kulipa. Simama hapo, iombe filta mkononi, itazame ndani kabla haijafungwa. Fundi akikataa, tafuta mwingine.