Micheaux Afundishwe Shuleni

Nafundisha historia, na kila nikitaja sinema bubu za Marekani, wanafunzi hunijibu: Charlie Chaplin. Nataka wamjue pia mtengenezaji filamu mweusi Oscar Micheaux.

Mwaka 1915, D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu iliyolitukuza kundi la Ku Klux Klan na kuwadhalilisha watu weusi. Mwaka 1920 Micheaux, ambaye baba yake alizaliwa mtumwa, alitoa Within Our Gates. Humo mwalimu Sylvia anasaka fedha za kuinusuru shule ya watoto weusi maskini. Wazazi waliomlea waliuawa na genge la wazungu. Filamu ilipotea miongo kadhaa, hadi nakala ilipopatikana Hispania.

Walimu wenzangu, tuwaonyeshe wanafunzi filamu hii. Griffith asibaki msimulizi pekee.